Kigae Chenye Alama za Kucha

Wiki iliyopita Neema, binti yangu wa mwisho, alirudi kutoka shuleni na kazi ya historia. Walitakiwa kuchora ramani ya Tanzania, waonyeshe mahali palipogunduliwa vitu vya kale, kisha kila mmoja aende na kitu kimoja cha zamani kutoka kwao na aeleze kimetoka wapi. Bila kuniuliza alifungua kopo la biskuti ninamowekea nyuzi na vifungo, akapekua mpaka chini, akatoa kigae changu na kukipeleka bombani kukiosha. Kilipolowa tu, jiko zima likanuka udongo wa mvua ya kwanza. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikasahau mkono wangu juu ya ungo.

"Mama, hiki kimetoka wapi?"

"Morogoro," nikamjibu bila kuinua uso. "Shambani kwetu."

Akaandika. Ndivyo nilivyomjibu kila aliyewahi kuuliza: mume wangu, wageni, hata dada wa kazi mmoja aliyetaka kukitupa akidhani ni uchafu. Nimelisema jibu hilo mara nyingi mpaka limekuwa laini mdomoni. Ila safari hii niliona linaandikwa kwa penseli kwenye daftari la mwanangu, na roho ikanisuta kiasi kwamba mchele ule niliupika na mawe yake.

Ni kipande cha chungu, ukubwa wake kiganja cha mtoto. Upande mmoja cheusi, upande wa pili kimeiva rangi ya kutu, na kwenye ukingo wake kuna mstari wa alama ndogo zilizopinda. Ni alama za kucha. Mtu mmoja, zamani ambayo hata kuihesabu siwezi, alibonyeza kucha zake kwenye udongo ungali mbichi, moja baada ya nyingine, akazungusha chungu chote. Nilipokuwa na miaka kumi na moja ukucha wa kidole changu cha mwisho ulikuwa unaingia sawasawa katika kila alama.

Tulihamia Bigwa, pembeni mwa mji wa Morogoro, mwaka huohuo. Kabla ya hapo tulikaa Mafiga, mjini, chumba na sebule, baba akifanya kazi kiwandani. Kikaja kile kipindi watu walichokiita cha ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yakajaa sabuni za kunukia, biskuti za makopo na redio za kaseti, na sokoni yakaanza kufunguliwa marobota ya mitumba. Mimi nikapata raba nyeupe zenye nyota kwenye soli, nikaamini kwamba ruksa ni aina ya sikukuu. Kisha kiwanda kikapata mwenyewe mpya, na siku moja nikamsikia mama akimwambia jirani kwamba baba amepunguzwa. Nilishinda siku nzima nikimchungulia baba nione amepungua wapi, na kweli nikaona mashati yanampwaya. Mwisho wa mwezi tukafunga vyombo, tukaenda kwa Bibi, mama yake baba, chini kabisa ya milima ya Uluguru, mahali ambapo mji unaishia na migomba inaanza.

Huko nilimkuta Koleta. Alikuwa mtoto wa marehemu shangazi yangu, dada wa baba, amenizidi mwaka mmoja, na amelelewa na Bibi tangu akiwa mchanga. Alitembea pekupeku, magoti yake daima yana tope, na kusoma kwake kulikuwa kwa kuvuta vuta. Siku ya kwanza alizitazama raba zangu, akacheka, akaniita Mafiga. Basi mtaa mzima ukaniita Mafiga. Sikujali sana. Nilijiona mtoto wa mjini niliyekuja kuwatembelea watu wa shamba, na nilidhani wivu wote, kama upo, utakuwa wa kwake.

Siku zile za mwanzo Bibi alitupeleka bondeni kuchimba magimbi, akawa ananionyesha mashamba kwa ncha ya jembe. Lile bonde la kijito ni la Koleta. Kule juu penye ndizi ni kwa watoto wa Koleta, Mungu akimjalia. Nikangoja. Alipoinama tena kuchimba nikauliza, "Na mimi, Bibi?"

Bibi akacheka, maana alikuwa na kawaida ya kunitania kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wa kike. "Wewe mke mwenzangu una haraka! Wewe kwenu Tabora, kwa mama yako. Huku kwetu mtoto anafuata titi alilonyonya."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo walivyo Waluguru: ardhi ni ya ukoo, lukolo wanavyouita, na ukoo unapita kwa mama. Baba yangu alikuwa wa pale kwa sababu Bibi ni wa pale. Koleta alikuwa wa pale kwa sababu marehemu mama yake alizaliwa na Bibi. Mimi nilizaliwa na Mnyamwezi, kwa hiyo nilikuwa mgeni wa baba yangu. Hata kile kipande cha mlimani tulichopanda mihogo, chenye udongo mwekundu na mawe, baba alikuwa amepewa na Babu Beatus, kaka yake Bibi na mkubwa wa ukoo, akitumie Bibi angali hai. Baada ya hapo wataona. Nilimsikia Babu Beatus mwenyewe akimwambia baba nje ya nyumba, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe una pako, lakini wanao watakwenda kwa wajomba zao." Tabora sikuwahi kufika. Niliijua kwenye ramani tu, katikati ya njia ya reli.

Tangu siku hiyo nilianza kumtazama Koleta kwa jicho lingine. Alipochuma ndizi niliona anachuma zake. Alipotema mate niliona anatema kwake. Mtoto asiyeweza kusoma aya moja bila kukwama ana bonde zima, na mimi ninayeshika namba moja sina pa kupanda mche wa nyanya. Gere lilinishika asubuhi mpaka jioni, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu ningesema nini?

Mahali pekee nilipompita ni darasani. Mwalimu Mashaka, mwalimu wetu wa historia, alikuwa na ramani ya Tanzania aliyoichora mwenyewe kwenye gunia lililofumuliwa, kwa rangi iliyobaki alipopaka mlango wake. Tulisoma juu ya watu wa zama za mawe, na Mwalimu alitaka tujue kila mahali na mkoa wake. Alikuwa na namna yake: anataja jina, anakunyooshea fimbo, nawe unasimama wima na kujibu kwa sauti inayofika barabarani.

"Isimila!"

"Mkoa wa Iringa!"

"Kondoa!"

"Mkoa wa Dodoma!"

"Olduvai! Engaruka!"

"Mkoa wa Arusha! Mkoa wa Arusha!"

Mimi sikukosea hata mara moja. Koleta aliipeleka Isimila Mtwara na Kondoa baharini, darasa likaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao. Nilimchukia zaidi kwa kule kucheka. Siku moja nikainua mkono nikauliza mbona Morogoro haina kitu, gunia zima lina alama na sisi tuko weupe. Mwalimu Mashaka akaitazama ramani yake muda mrefu, akasema, "Hakuna aliyetafuta vizuri."

Mwisho wa masika walikuja waliotafuta. Gari la kijani lilisimama karibu na shule, wakashuka mama mmoja mwenye kofia ya ukindu na vijana wawili, wakaanza kutembea mashambani wakiwa wameinamisha vichwa, mikononi wana kamba na vigingi. Watu wakajua ni wapima viwanja. Siku zile kila aliyekuja na kamba alikuwa anampimia tajiri wa Dar es Salaam, na Babu Beatus aliteremka mlimani na panga lake bila kusalimia mtu. Ikabidi Mwalimu Mashaka akimbie kutoka darasani na chaki mkononi aeleze kwamba huyu ni Daktari wa chuo kikuu, yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikia barua, na anatafuta vitu vya watu wa kale. Kusikia daktari, Bibi akajisogeza mbele na kuvuta kanga juu ya goti.

"Daktari, hili goti halinipi usingizi."

"Shikamoo mama. Mimi ni daktari wa vitu vilivyokufa zamani sana."

"Marahaba. Basi ndilo hili."

Watu wote wakacheka, Babu Beatus akaliweka panga chini, na Daktari akachutama kulishikashika goti la Bibi kama vile angeweza kulitibu. Nikaona hapo ndipo pangu. Nilijipenyeza mpaka mbele, nikasimama wima, raba zangu pamoja, nikamtajia Isimila na mkoa wake, Kondoa na mkoa wake, Engaruka, zote. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. "Vizuri sana," akasema. "Wewe unajua. Na hapa kwenu, umewahi kuona vigae vya vyungu ardhini? Au mawe yenye umbo la ajabu?"

Sikuwa nimeona kitu. Nilikaa Bigwa miezi kadhaa nikitazama miguu ya Koleta tu.

Koleta alikuwa nyuma ya watu, anamshikilia mbuzi wa Bibi. Akasema, "Viko kule kwangu."

Kule kwangu. Mpaka leo nayasikia maneno hayo mawili. Daktari aligeuka kumtazama msemaji, macho yake yakateremka kwenye kamba ya mbuzi, yakafuata kamba mpaka mwisho wake, na hapo akapiga magoti kwenye vumbi. Bibi alizoea kumfunga mbuzi wake kwenye jiwe la mviringo lenye tundu katikati. Nililipita jiwe hilo kila siku nikienda kuchota maji, nikidhani mawe ya shamba yako hivyo. Daktari alilinyanyua kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye tundu. "Hili lilitobolewa na mtu," akasema. Mimi niliyejua sehemu zote za kale za nchi nzima nilikuwa nimejikwaa juu ya jiwe la kale mara mbili au tatu.

Wakaenda bondeni. Kesho yake wakapiga vigingi kando ya magimbi, wakachora mraba kwa kamba, wakaanza kuchimba. Si kwa jembe. Walitumia mwiko wa fundi mwashi na brashi ya kupakia rangi, wakiukwangua udongo mweusi kidogo kidogo na kuupitisha kwenye chekeche. Watoto wengine walichoka siku ya kwanza. Koleta hakuchoka. Daktari alimpa mwiko, akamwonyesha jinsi ya kuushika ukiwa umelala, na yule asiyejua kushika kalamu akaushika vizuri kuliko wale vijana wa chuo. Mimi nilikaa ukingoni nimekumbatia magoti yangu. Nilipoomba nishuke, Daktari alisema shimo ni dogo, na raba zangu zitachimba.

Siku ya nne Koleta akakipata kigae chenye alama za kucha. Kilichungulia nusu tu kutoka ardhini, kati ya vipande vya mawe meupe yaliyochongwa kwa kugongwa. Daktari akaita vijana wake, wakazungumza kwa sauti ya chini. Kisha akatueleza sisi watoto, kwa sababu alikuwa mtu wa kueleza. Ardhi ni kama mikeka iliyotandikwa, alisema, wa chini ndio wa zamani. Mawe haya ni ya watu wa mwisho wa zama za mawe. Kama chungu hiki kimelala nao mkeka mmoja, hilo ni jambo kubwa, lakini lazima waone kimelalaje, wakichore na kukipiga picha kikiwa palepale. Wino na filamu viliwaishia siku ile, Jumamosi jioni. Wangevinunua mjini na kurudi Jumatatu.

"Mahali hapa panaitwaje?" akauliza akifungua daftari lake.

Bibi, aliyekuja kutazama, akajibu, "Kwa Koleta."

Daktari akaandika. "Basi patawekwa kwenye ramani. Kwa Koleta, Mkoa wa Morogoro." Akamgeukia Koleta akamwambia yeye ndiye mlinzi mpaka Jumatatu, na kwamba shule zikifungwa atamchukua Dar es Salaam akaone vitu vya namna hii vinavyohifadhiwa. Wakafunika shimo kwa turubai, wakaweka mawe pembeni.

Nilirudi nyumbani. Nilisikia kichwani sauti za watoto wa nchi nzima, Kigoma mpaka Lindi, wakisimama wima. Kwa Koleta! Mkoa wa Morogoro! Na mimi nami ningesimama darasani kwetu na kujibu hivyo, kwa sauti inayofika barabarani. Sikuona haki. Ndipo nikafikiri, na nieleze nilivyofikiri, kwa sababu niliona ni akili. Nilidhani ramani ndiyo inayompa mtu mahali. Babu Beatus alisema wataona baadaye, lakini pakishaandikwa kwenye ramani ya serikali, nani atabisha? Na nilidhani kinachofanya mahali pawe mahali ni vile vitu vyenyewe. Vikiwa kwa Koleta, ni Kwa Koleta. Vikiwa kwenye mihogo ya baba, ni kwa baba. Ilikuwa kazi ya kuhamisha tu, kama tulivyohamisha vyombo kutoka Mafiga.

Jumapili nilijisingizia kuumwa tumbo, na halikuwa uongo mtupu. Walipokwenda misani wote nilichukua ndoo, nikaenda bondeni. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Nilifunua turubai, nikaingia kwenye shimo nililokatazwa, nikang'oa mawe meupe yote niliyoyaona, na kigae nikakitikisa mpaka kikatoka. Kilitoka na sauti ndogo ya kufyonza. Nikalijaza lile tundu tope kwa kiganja, nikafunika, nikapanda mlimani na ndoo kichwani. Kwenye mihogo yetu nikachimba kwa mwiko wa ugali, nikavitandika vizuri, nikafukia. Kigae sikukifukia. Nilikiweka kwenye udongo, nikajaribu ukucha wangu kwenye alama moja, ukaingia. Nikajaribu wa pili. Nikakitia mfukoni, nikisema nitakirudisha kesho. Kitu kilichonikubali hivyo kwa ukucha sikuweza kukizika.

Jumatatu niliwahi bondeni kwa hamu. Daktari alifunua turubai akasimama. Hakupiga kelele. Aliondoa kofia yake, akaishika mbele ya tumbo kama mtu aliyefika msibani, na vijana wake hawakuthubutu kumtazama. Koleta alikuwa amesimama upande wa pili, kwenye tope la ukingo, anasugua ardhi kwa mguu wake, kulia, kushoto, bila kuinua kichwa. Nikadhani anaogopa. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

"Na kwetu vipo!" nikasema. "Kule juu kwenye mihogo ya baba. Nimeviona."

Tulipanda wote. Nilionyesha mahali, Daktari akachutama, akafukua kwa vidole. Akatoa jiwe jeupe moja, akaligeuza. Akatoa la pili. Kila moja lilikuwa limegandwa na tope jeusi la bondeni, na lilitoka katika udongo mwekundu wa mlimani. Hata mimi niliona. Nililiona kwa mara ya kwanza wakati uleule alipoliona yeye, nikahisi masikio yanawaka.

Daktari hakuniuliza mimi. Mtoto aliyejua mikoa yote, mwenye raba nyeupe, aliyesimama wima? Alimgeukia aliyekabidhiwa shimo. "Koleta, wewe ndiye uliyevihamisha?"

Koleta akazitazama raba zangu. Nilikuwa nimezisugua Jumapili mpaka zikang'aa. Kisha akamtazama Babu Beatus, aliyekuwa ametufuata na kusimama kwenye mpaka wa mihogo, mikono nyuma.

"Mlinzi nilikuwa mimi," akasema.

Wakalichukua kuwa ndilo jibu. Nami nikaliacha liwe jibu. Kigae kilitafutwa kisionekane; nilikuwa nacho mfukoni, kinanichoma pajani. Daktari aliwaambia watu kwa upole kwamba vitu hivi sasa ni vizuri kuvitazama lakini havisemi tena kitu, kwa kuwa hajui kipi kililala na kipi, na mahali ambapo hapasemi kitu hapawekwi kwenye ramani. Siku ya pili vijana walifukia shimo. Gari la kijani likaondoka. Shule zilipofungwa hakuna aliyekuja kumchukua Koleta kumpeleka Dar es Salaam, ingawa mara mbili nilimkuta amekaa barabarani ameoga, amechana nywele, anasema anapunga upepo.

Darasani Mwalimu Mashaka hakumchapa. Alichofanya ni kuacha kumnyooshea fimbo. Mimi niliendelea kunyooshewa, nikaendelea kujibu, na gunia likabaki jeupe pale kwetu. Koleta alimaliza la saba akashika jembe. Mimi nilifaulu, nikaenda sekondari, nikaenda mbali zaidi, nikafika Dar es Salaam nyumba za kupanga, moja baada ya nyingine, kopo la biskuti likinifuata. Mtu angedhani wivu uliishia hapo. Haukuisha. Kila mwenye nyumba aliponipa notisi nilimkumbuka Koleta na bonde lake.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita, akazikwa Bigwa, kwao, kwenye ardhi ya mama yake. Bibi na Babu Beatus walikuwa wamekwisha kutangulia. Siku ya tatu ya msiba, wageni walipopungua, nilimfuata Koleta bondeni. Amenenepa, ana sauti ya kuamrisha watu, na miguu yake bado ina tope. Nilikuwa nimekwenda na kigae kwenye mkoba. Nikakitoa, nikamweleza yote kwa mara moja bila kupumua, nikilia nisijue kama nalia msiba au nini.

Koleta alikipokea, akakifuta kwenye kanga. "Wewe Mama Neema," akasema, "unadhani sikujua? Jumatatu ile nimefika, ukingo wote wa shimo una nyota. Nyota za raba zako, hapa, na hapa. Nilizifuta kwa mguu mpaka kisigino kikaniuma."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Nikutaje!" Alinishangaa kweli. "Babu Beatus alikuwa anatafuta sababu tu. Ningesema ni wewe, angemwambia mjomba, baba yako, haya, chukua wanao na mihogo yako muondoke. Mngekwenda wapi? Tabora?"

Kijito kilikuwa kimepungua sana tangu utoto wetu. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayefanya jambo kubwa, kwamba nimekuja kukirudisha kigae mahali pake, anionyeshe tu palikuwa wapi, kwa maana mimi nimesahau. Koleta alinyoosha mkono bila hata kugeuka. Alijua. Pale, hatua mbili kutoka kwenye gimbi lile. Kisha akanirudishia kigae mkononi na kukunja vidole vyangu juu yake.

"Kaa nacho. Mimi ninalo shamba zima."

Wengine wangelia kwa shukrani. Mimi nilisimama pale, msiba wa baba yangu haujaisha wiki, na nikamwonea wivu upya. Nilimwonea wivu kwa kuwa na kingi kiasi cha kugawa. Nilimwonea wivu kwa kujua palikuwa wapi bila kugeuza kichwa. Na niliporudi Dar es Salaam na watu wakaniuliza kigae kimetoka wapi, niliendelea kusema shambani kwetu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayafikiri juu ya ungo wa mchele. Tulipomaliza kula ule wali wa mawe nilimwita Neema alete daftari. Ramani yake ilikuwa nzuri kuliko ya Mwalimu Mashaka. Alikuwa ameweka alama Iringa, Dodoma na Arusha, na chini yake, kwa mwandiko wake wa kulala, ameandika: Kigae. Shambani kwetu, Morogoro.

"Futa," nikamwambia.

"Nimekosea nini?"

"Hujakosea. Futa hapo kwenye shambani kwetu."

Akafuta, akapuliza vumbi la ufutio, akangoja na penseli juu. Sikujua kwamba nimesimama mpaka nilipoona ananitazama kutoka chini.

"Kwa Koleta," nikasema. "Mkoa wa Morogoro."

Aliandika polepole, akaweka na nukta kwenye ramani, pale chini ya milima. Kisha akauliza, "Koleta ndiye nani?"

"Mwenyewe," nikamjibu.